Gavana aliyerudishwa kwao na pingu: Cabeza de Vaca alikosa nini?

Msomaji anayefundisha historia sekondari huko Tanga ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Tulikuwa kwenye mada ya Wahispania walioteka Amerika, mwanafunzi mmoja akaniuliza juu ya Álvar Núñez Cabeza de Vaca. Amesoma mahali kwamba huyu bwana aliishi uchi miaka minane miongoni mwa wenyeji, akawa mganga wao, akawapenda, na baadaye alipopewa ugavana Wahispania wenzake wakamtia pingu kwa sababu ya kuwatetea. Mwenzake akambishia: mteka nchi ni mteka nchi, hana wema. Darasa likagawanyika na mimi nikabaki njia panda. Ukweli ni upi, na alikosa nini hasa?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze kwa kukuudhi kidogo: swali la kama alikuwa mwema ndilo alilotaka yeye mwenyewe tuulize. Karibu yote tunayoyajua juu yake yametoka kwenye karatasi alizoandika yeye au karani wake, na karatasi zile zilikuwa barua za kuomba kazi na utetezi wa mahakamani. Kwa hiyo mimi humsoma kwanza kama ofisa wa mfalme, mtu wa hati na mihuri aliyebeba na upanga. Ukimshika hapo, kupanda kwake na kuanguka kwake vinaeleweka bila kumfanya malaika wala shetani.

Alizaliwa Jerez de la Frontera, kusini mwa Hispania, karibu na mwaka 1490. Jina lake maana yake ni "kichwa cha ng'ombe", nalo ni la upande wa mama. Ukoo ulisimulia kwamba mchungaji mmoja aliweka fuvu la ng'ombe kama alama ya njia ya siri mlimani, jeshi la Wakristo likapita hapo kwenda kushinda vita vya Las Navas de Tolosa mwaka 1212. Wanahistoria wana mashaka na kisa hicho. Wanafunzi wako watacheka; waache wacheke, hawatalisahau jina.

Upande wa baba ndiko kwenye uzito. Babu yake, Pedro de Vera, ndiye aliyekamilisha kuiteka Gran Canaria miaka ya 1480 kwa niaba ya wafalme wa Kastilia, ufalme mkuu wa Hispania. Baadaye aliwauza utumwani watu wa kisiwa jirani cha La Gomera, hata askofu akapeleka malalamiko na wafalme wakaamuru watu wale waachiwe. Kuteka nchi ilikuwa kazi ya nyumbani kwao, na kushtakiwa baada ya kuiteka kulikuwa sehemu ya kazi hiyo hiyo.

Ujana wake naupita haraka: vita vya Italia, alikuwepo Ravenna mwaka 1512; utumishi kwa Duke wa Medina Sidonia; na upande wa mfalme wakati miji ya Kastilia ilipoasi mwaka 1520 na 1521. Mwaka 1527 akapata cheo cha mweka hazina wa mfalme katika msafara wa Pánfilo de Narváez kwenda Florida.

Usikidharau cheo hicho. Misafara ile haikuwa jeshi la kulipwa mshahara. Ilikuwa biashara ya ubia: kiongozi anatoa mtaji, askari anakuja na silaha zake na madeni yake, mfalme anatoa kibali, na kwa kibali hicho anachukua sehemu ya tano ya kila kitakachopatikana. Khumusi, angesema shehe wa mtaani kwenu. Mweka hazina yupo ili khumusi ya mfalme isiibwe, kwa maneno mengine yeye ni jicho la mfalme ndani ya chombo. Narváez naye, kwa taarifa yako, alikuwa amebakiwa na jicho moja tu. La pili lilitobolewa mwaka 1520 alipotumwa kumkamata Hernán Cortés huko Mexico, akakamatwa yeye.

Waling'oa nanga Sanlúcar tarehe 17 Juni 1527, merikebu tano na watu kama 600. Walipotia nanga Santo Domingo wakatoroka zaidi ya 140. Cuba kimbunga kikaangamiza vyombo viwili, watu 60 na farasi 20. Aprili 1528 waliobaki wakashuka pwani ya magharibi ya Florida, sehemu za Tampa ya leo. Narváez akataka aingie bara na watu 300, merikebu zifuate pwani hadi bandari ambayo hakuna aliyejua iko wapi. Mweka hazina akapinga. Alipoona hasikilizwi, akamgeukia mwandishi wa msafara na kumtaka aandike ushahidi kwamba yeye amepinga. Kisha akaenda nao, kwa kuogopa kuitwa mwoga. Kila nikifika hapo hucheka peke yangu. Wako porini, kila mtu ana ratili mbili za biskuti na nusu ratili ya nyama ya nguruwe, na bwana huyu anadai hati! Lakini ishike picha hiyo, maana utaikuta tena.

Apalachee, nchi waliyoambiwa ina dhahabu, ilikuwa na mahindi na wapiga mishale hodari. Wakarudi pwani wagonjwa, merikebu hazionekani. Hapa watu wa mwambao mtaonja utamu wa kisa, kwa sababu waliamua kuunda vyombo bila fundi, bila chuma, bila chochote. Mivukuto wakaitengeneza kwa ngozi ya paa na mirija ya mbao. Wakayeyusha rikabu na spuri zao, wakapata misumari, misumeno na mashoka. Kalafati wakaitoa kwenye nyuzi za miti inayofanana na mikindu, na Mgiriki mmoja aliyeitwa Teodoro akachemsha lami ya misonobari. Kamba zilisukwa kwa singa za farasi. Matanga yalishonwa kwa mashati waliyovaa. Kila siku ya tatu farasi mmoja alichinjwa akaliwa, ngozi ya miguu yake ikavuliwa nzima kuwa kiriba cha maji, viriba ambavyo baadaye vilioza wakiwa baharini. Tarehe 22 Septemba 1528 mashua tano zikaingia majini na watu 242, ubavu wa chombo umebakiza shubiri moja tu juu ya maji.

Walipita mbele ya mdomo wa mto Mississippi, mkondo ukawasukuma nje. Siku moja mashua ya Narváez, yenye wapiga makasia wenye nguvu, ikaanza kuwaacha wengine. Cabeza de Vaca akaomba watupiwe kamba. Akajibiwa kwamba huu si wakati tena wa mtu kumwamuru mwenziwe, kila mmoja aokoe roho yake. Serikali ya msafara ule ilikufa pale, kabla ya watu wake.

Alfajiri ya tarehe 6 Novemba wimbi liliwabwaga kwenye kisiwa cha pwani ya Texas, Galveston au jirani yake. Walipojaribu kuondoka tena mashua ikapinduka, na wenyeji wakawakuta uchi, wanatetemeka, baadhi ya wenzao wamezama. Wakaketi chini wakalia pamoja nao kwa sauti zaidi ya nusu saa. Wahispania kama 80 walifika hai sehemu zile. Baridi ilipokwisha walibaki 15. Watano kati yao, waliokuwa peke yao ufukweni, walilana mpaka akabaki mmoja, na wenyeji walipojua walichukizwa kiasi cha kutaka kuwaua wageni wote. Katika maandishi ya utekaji wa Amerika, mla watu mara nyingi ni mwenyeji. Hapa ni Mkristo wa Kastilia, na aliyeandika ni Mkristo wa Kastilia. Kwa jambo hilo namheshimu.

Miaka iliyofuata haikuwa ya mapenzi kama mwanafunzi wako alivyosoma. Mwanzoni alikuwa mtumwa: kuchimba mizizi ndani ya maji mpaka vidole vinatoka damu ukivigusa kwa unyasi. Akatorokea kwa watu wengine na kuwa mchuuzi. Kutoka pwani alichukua makome na makombe ya kukatia matunda. Kutoka bara alirudi na ngozi, udongo mwekundu wa kujipaka, mawe magumu ya ncha za mishale na gundi ya kuzishikiza. Koo zilikuwa na vita, hivyo wenyewe hawakuweza kutembeleana kwa biashara. Mgeni asiye na upande alipita. Anakiri kazi ile ilimpendeza, kwa sababu alikwenda alikotaka na hakuna aliyemtuma.

Uganga nao haukuwa wito wa moyo. Kisiwani waliambiwa watibu watu, wakacheka, wakasema hawajui. Wakanyimwa chakula hadi wakajua. Tiba ilikuwa kupuliza, ishara ya msalaba, Baba Yetu na Salamu Maria. Mara moja tu tunamwona akifanya upasuaji hasa: alimpasua mtu kifuani, akatoa ncha ya mshale iliyokuwa imekaa vibaya karibu na moyo, akashona nyuzi mbili. Sifa ya tendo lile ilimtangulia nchi nzima.

Mwaka 1534, msimu wa mapungate, koo zinapokutana kula matunda hayo, watu wanne walitoroka pamoja: yeye, Andrés Dorantes, Alonso del Castillo Maldonado, na Estevanico, Mwafrika wa Azemmour nchini Morocco, ambaye alikuwa mtumwa wa Dorantes. Walivuka Texas na kaskazini ya Mexico kuelekea Pasifiki, wakisindikizwa na umati kutoka kijiji hadi kijiji. Ripoti yenyewe inakiri kwamba aliyekuwa akizungumza na wenyeji, akiuliza njia na habari za miji ya mbele, ni Estevanico. Wahispania walinyamaza ili waogopwe. Walipofika Mexico, wale watatu ndio waliotoa taarifa ya pamoja. Wa nne hana neno lake popote. Mwaka 1539 alitumwa tena kaskazini kumtangulia padri Marcos de Niza, akauawa Hawikuh, mji wa Wazuni. Darasa lako likipenda kubishana juu ya nani shujaa wa safari ile, waingize na jina hilo kwenye mizani.

Karibu na mwisho wa safari waliona shingoni mwa mwenyeji mmoja kifungo cha mkanda wa upanga, kimeshonewa msumari wa kwato la farasi. Wakafurahi: wenzetu wako jirani. Kisha wakaanza kukuta vijiji vimechomwa, mashamba yameachwa, watu wako milimani wanakula maganda ya miti. Wenzao hao walikuwa watu wa Nuño de Guzmán, gavana wa Nueva Galicia, jimbo la magharibi ya Mexico, wakiwinda watumwa. Mwaka 1536 wakakutana na kikosi cha Diego de Alcaraz. Alcaraz akawaambia wenyeji kwamba hawa wanne ni Wahispania kama yeye. Wenyeji wakakataa kata kata. Hawa walitoka jua linakochomoza, nyinyi mlitoka linakozama. Hawa waliponya wagonjwa, nyinyi mliua wazima. Hawa walikuja uchi miguu mitupu, nyinyi mlikuja na nguo, farasi na mikuki.

Wengi hufunga kitabu hapo na kumtangaza mtetezi. Soma kurasa zinazofuata. Aliwashawishi watu wale washuke milimani, wajenge upya vijiji, wawapokee Wahispania wakiwa na misalaba mikononi. Wakashuka, kwa kumwamini yeye. Kwa mfalme aliandika kwamba watu hawa wataletwa kwenye Ukristo na kwenye utii kwa kutendewa wema, na kwamba njia ya uhakika ni hiyo tu. Angalia neno utii. Namna ya kuteka ndiyo aliyoilaumu. Haki ya kuteka hakuigusa.

Alirudi Hispania mwaka 1537 akitaka apewe Florida. Alikuta Hernando de Soto ameshapewa. Akasubiri, akaiandika taarifa yake ya utumishi, ambayo ilichapwa Zamora mwaka 1542. Hoja yake mwanzoni mwa kitabu ni ya mtumishi anayedai haki: sikuleta dhahabu, nilitoka uchi, basi pokea habari hizi ziwe ndizo huduma yangu. Tarehe 18 Machi 1540 akapata alichotaka, ingawa mahali pengine: ugavana wa Río de la Plata (sehemu za Argentina na Paraguay ya leo), pamoja na cheo cha adelantado, yaani mtangulizi wa mfalme kwenye mpaka, ikithibitika kwamba Juan de Ayolas, aliyeongoza huko kabla yake, amekufa. Aliahidi kutumia dukati 8,000 za mfukoni mwake kwa silaha, nguo, farasi na vyombo. Mtaji ule alitegemea urudi.

Alifika kisiwa cha Santa Catarina, pwani ya Brazili, Machi 1541. (Wanafunzi wetu huwachanganya Wahispania na Wareno. Mkataba wa Tordesillas wa 1494 uliwagawia bahari. Ndiyo maana waliozipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505 walikuwa Wareno.) Badala ya kuzunguka kwa bahari, alikata nchi kavu na watu 250 na farasi 26, kuanzia Novemba 1541. Yeye mwenyewe alitembea miguu mitupu. Alilipia chakula cha Waguarani, wenyeji wa nchi ile, kwa visu, mikasi na shanga, na kuwakataza askari wasiingie majumbani mwao. Njiani wakapita maporomoko ya Iguazu, mvuke wa maji ukipaa juu kama urefu wa mikuki miwili, na maandishi yake ndiyo ya kwanza ya Mzungu kuyaeleza. Tarehe 11 Machi 1542 wakaingia Asunción, mji mkuu wa Paraguay ya leo. Kama utekaji wa nchi ungekuwa ni kutembea tu, angekuwa mkuu kuliko wote.

Sasa tufike kwenye swali lako, na hapa nitakaa.

Asunción ilikuwa na miaka mitano tu. Fedha hakuna, dhahabu hakuna, merikebu kutoka Hispania huonekana kwa nadra. Buenos Aires ya kwanza ilikuwa imehamwa mwaka 1541 na watu wake kuletwa juu mtoni. Kiongozi alikuwa Domingo Martínez de Irala, Mbaski, aliyepanda kwa kukubaliwa na wenzake; karatasi mpya ya Cabeza de Vaca ndiyo iliyomshusha. Wahispania hawa waliishi kwa nini? Waliishi kwa ushemeji. Waguarani waliwapa mabinti na dada zao, na kwa desturi yao aliyeoa kwenu ni shemeji, na mashemeji husaidiana kulima, kupiga makasia na kupigana vita. Msomaji wa kwetu hahitaji maelezo marefu ya jambo hilo. Tatizo ni kwamba Wahispania waliushika ushemeji upande wa kupokea. Mke ndiye mlimaji, nduguze ndio vibarua, kwa hiyo mwenye wake wengi ndiye mwenye mihogo na mahindi mengi. Wakaendelea hadi kubadilishana wanawake wale kwa nguo na farasi.

Juu ya uchumi huo walikaa maofisa wa hazina. Kwa kukosa dhahabu ya kutoza, walitoza khumusi ya samaki, asali, mafuta, mahindi na ngozi. Gavana mpya, ambaye zamani alikuwa mweka hazina na anaijua kazi yao kuliko wao, akaifuta tozo ile, akasema mfalme akiidai atailipa kutoka mshahara wake. Masikini wakashangilia. Alonso Cabrera, Felipe de Cáceres, García Venegas na Pedro Dorantes, maofisa wanne, hawakushangilia.

Kisha akaingia nyumbani mwa watu. Akakataza mtu kuishi na mama na binti yake, au na dada wawili. Akakataza wanawake kununuliwa, akakataza kwenda vijijini kujichukulia. Kisheria alikuwa sahihi, mfalme alikuwa ameandika hivyo hivyo. Lakini kwa mzee wa Asunción amri ile iligusa shamba lake, makasia yake na jiko lake kwa siku moja. Nasema wazi: mimi naamini hapa ndipo alipoanguka. Aliamini kwamba karatasi yenye muhuri wa mfalme ina nguvu mahali ambapo merikebu ya mfalme haifiki.

Wala usidhani mikono yake ilikuwa misafi. Alipigana na Waguaykuru, wenyeji waliokuwa maadui wa Waguarani, mwaka 1542 akiwa na maelfu ya Waguarani nyuma yake, baada ya kuuliza ushauri wa makasisi na kutimiza masharti ya hati ya onyo, ile ambayo Wahispania waliisoma kwa Kihispania mbele ya watu wasiojua Kihispania ili vita iwe halali. Chifu wa Kiguarani aliyeitwa Aracaré, aliyekataa kuwaongoza Wahispania magharibi na kuwachochea wengine, alinyongwa kwa amri ya gavana, mtekelezaji akiwa Irala. Jamaa zake wakaingia vitani kulipa kisasi. Ndiyo maana ukisema alifungwa kwa kuwatetea wenyeji, sharti uulize: wenyeji gani, na siku gani?

Mambo yakamwendea kombo. Februari 1543 moto uliteketeza nyumba 200 kati ya 250 za mji. Mapadri wawili Wafransisko walijaribu kutoroka kwenda pwani ya Brazili wakiwa na barua za siri za maofisa dhidi yake, pamoja na mabinti wa Kiguarani wapatao 35, akawakamata. Septemba 1543 akapanda mto Paraguay na Wahispania 400 na Waguarani 1,200 kutafuta mlima wa fedha uliosemwa uko magharibi. Walikwama Puerto de los Reyes, kwenye mabwawa makubwa ya Pantanal: mafuriko, mbu, homa, njaa. Huko pia akaamuru mabinti waliochukuliwa na askari warudishwe kwa wazazi wao kabla ya kuondoka. Fikiria askari yule: hana fedha, ana homa, na sasa hana hata mateka. (Mlima ule ulikuwa wa kweli, ila ulishapata mwenyewe. Miaka michache baadaye Irala alivuka hadi mwisho na kupokewa na wenyeji waliomsalimia kwa Kihispania. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wahispania wa Peru.)

Alirudi Asunción Aprili 1544, mgonjwa kitandani. Usiku wa tarehe 25 maofisa na wafuasi wao wakaingia chumbani kwake wakipiga kelele za "Uhuru!" na kumtia pingu. Irala akarudishwa uongozini. Gavana alifungiwa chumba chenye giza karibu miezi kumi na moja.

Hapa karatasi zinarudi, na ni sehemu niipendayo kuliko zote. Marafiki zake walitaka kumpa habari. Mwanamke wa Kiguarani aliyempelekea chakula cha jioni alipekuliwa kila siku, akiingia uchi. Barua ilikuja imeviringishwa nyembamba, imepakwa nta nyeusi, imefungwa kwa uzi mweusi chini ya vidole vya mguu wake. Jibu lilitoka kwa njia hiyo hiyo. Walinzi wakashuku, wakatafuta vijana wanne wa kumshawishi kwa mahaba aseme siri, hawakupata neno. Jina lake halikuandikwa. Na Machi 1545, alipopakiwa merikebuni kupelekwa Hispania, marafiki walichonga gogo nene kama paja, wakaficha ndani yake hati za ushahidi zilizofungwa kwa kitambaa cha nta, na fundi akaligongomelea kwenye tezi kama vile ni sehemu ya chombo. Washtaki na utetezi wa mshtakiwa wakavuka bahari katika merikebu moja. Njiani dhoruba ilipiga siku nne. Cabrera na Venegas wakaogopa kuwa ni adhabu ya Mungu, wakamfungua pingu.

Kesi ilichukua miaka mbele ya Baraza la Indias, chombo cha mfalme kilichosimamia nchi za Amerika, ambazo Wahispania waliziita Indias. Mashtaka yalikuwa mengi: kuonea watu na kuchukua mali zao, kumuua Aracaré, kuziondoa nembo za mfalme na kuweka zake mwenyewe. Na, mwambie mwanafunzi wako wa kwanza, kuwatesa wenyeji. Tarehe 18 Machi 1551 hukumu ikatolewa Valladolid: kuvuliwa vyeo vyote, kutokanyaga Indias maisha, na kwenda Oran, huku Afrika kwetu, kumtumikia mfalme vitani miaka mitano kwa silaha na farasi wake mwenyewe. Alikata rufaa. Mwaka 1552 adhabu ya Oran ikafutwa, na marufuku ikabaki kwa Río de la Plata peke yake.

Tunao shahidi wa upande wa pili, Ulrich Schmidl, askari Mjerumani aliyekuwapo na ambaye simulizi yake ilichapwa mwaka 1567. Hamkubali gavana hata kidogo. Kwake yeye alikuwa mtu wa majivuno asiyejua kuongoza askari. Mimi huwasoma wote wawili kwa pamoja, na mara nyingi wanasema jambo moja. Karani anaposema gavana alikataza, Schmidl husema gavana alitunyima.

Kwa hiyo, kama darasa linataka jibu la mstari mmoja kwenye ubao, mimi ningeandika: alifungwa na watu waliokula jasho la Waguarani, kwa kutaka jasho hilo lipite kwanza kwenye ofisi yake. Mwanafunzi wako wa pili atafurahi kuliko wa kwanza. Lakini huyo wa kwanza mpe nafasi ya kusoma kile kilio cha nusu saa kisiwani, maana hakikumletea mwandishi faida yoyote mahakamani, na bado alikiandika.

Mwaka 1555 akachapisha tena Valladolid, safari hii vitabu viwili pamoja: ile taarifa ya zamani, na maelezo ya ugavana wake yaliyoandikwa na karani wake Pero Hernández. Huko Asunción, Irala alikuwa ameshapata karatasi yake mwenyewe: mfalme alimthibitisha kuwa gavana. Alikufa mwaka 1556 akiwa bado kazini, na katika wosia wake aliwataja kwa majina watoto aliowazaa na wanawake wa Kiguarani, pamoja na mama zao.